Tanuri Lililopanda Kilima

Idara ya Ardhi na Vipimo vya Bahari
Ofisi ya Mkoa
14 Januari

Kwa Mwenye Nyumba Namba 9, mtaa wa chini

Ndugu,

YAH: KUHAMA KABLA YA TAREHE 31 AGOSTI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Vipimo vya miaka ishirini na miwili vinaonyesha kuwa bahari mbele ya mtaa wenu imepanda kwa sentimita kumi na moja, na inaendelea kupanda. Sababu kuu ni kuyeyuka kwa barafu kwenye ncha za dunia, pamoja na bahari yenyewe kupata joto na kutanuka. Nyumba yako ipo chini ya mstari mwekundu uliochorwa ukutani. Maji makuu ya mwezi Septemba yanatarajiwa kuingia ndani.

Umetengewa kiwanja Namba 40 kilimani. Unaombwa kuhama mapema.

Mpimaji wa Mkoa


Mtaa wa chini, Namba 9
22 Januari

Bwana Mpimaji,

Barua yako imefika salama kuliko mtu wako aliyeileta. Yeye aliteleza kwenye unga uliomwagika mlangoni kwangu, akaondoka mweupe mpaka kwenye nyusi. Nilimpa mkate wa kumpoza.

Kwanza, mimi si Ndugu. Ni mwanamke wa miaka sitini na moja, mjane, mwokaji wa mikate, na mtaa mzima unaniita Mama Tanuri. Tanuri lenyewe alilijenga marehemu mume wangu tofali kwa tofali, mwaka tuliooana, na linameza mikate tisini kwa mkupuo. Wewe unaniambia nihame kama vile naishi ndani ya sanduku la nguo.

Pili, hilo la barafu. Yaani iyeyuke huko kwenye ncha za dunia, kusiko na mtu wala mteja, halafu wa kufungasha virago niwe mimi? Nikasema ngoja nami nipime. Nilitia vipande vitatu vya barafu kwenye glasi, nikajaza maji mpaka ukingoni kabisa, nikaiweka juu ya kaunta mbele ya wateja. Fundi saa, jirani yangu, akawa shahidi. Barafu ikayeyuka yote. Halikumwagika hata tone. Watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo idara nzima imeshindwa na glasi moja. Na ujue kwamba maji hayajawahi kuvuka kizingiti changu. Nakutumia mikate miwili kwa basi, usije ukasema nina roho mbaya.

Mama Tanuri


Ofisi ya Mkoa
2 Februari

Mama Tanuri, shikamoo.

Mikate imefika. Mmoja ulifika mezani kwangu, wa pili ulikamatwa na watu wa masjala na haujaonekana tena.

Glasi yako imesema kweli, na barua yangu ndiyo haikueleza vizuri. Barafu inayoelea ikiyeyuka, maji hayapandi, kwa sababu tangu mwanzo ilishachukua nafasi yake humo majini. Lakini huko nchani kuna barafu nyingine iliyokaa juu ya nchi kavu, unene wa kilomita mbili, tatu. Hiyo ikiyeyuka, inaingia baharini kama mgeni ambaye hakupikiwa.

Jaribu hivi. Simamisha matofali mawili ndani ya bakuli kubwa, vichwa vyake vitokeze juu. Jaza maji mpaka ukingoni. Kisha weka bonge la barafu juu ya matofali, lisiguse maji. Halafu ngoja.

Swali dogo. Mkate wako ni mtamu sana, ila kwa chini ulikuwa mweupe na mbichi kidogo. Ndivyo unavyookwa huko?

Mpimaji


Mtaa wa chini
11 Februari

Bwana Mpimaji, marahaba.

Nimelijaribu hilo lako. Nilichukua bakuli la kukandia unga, nikaweka matofali, na barafu yenye ukubwa wa mkate mzima. Asubuhi watu wakawa wananicheka. Kufika adhuhuri maji yakaanza kumwagika. Yakaifuata kaunta, yakalowesha gazeti la mwalimu mstaafu, yakamwingia fundi saa kwenye kiatu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Fundi saa akaniuliza, "Na hiyo barafu ya huko ina ukubwa gani?" Nikamwambia anunue mkate aende zake.

Kuhusu mkate kuwa mbichi chini, hizo ni kuni mbichi tu. Usijali.

Haya, nakubali nusu. Labda nitahama. Lakini siendi popote bila tanuri, maana mimi na lenyewe ni pete na kidole. Jiko la gesi ni la kuchemshia chai ya wageni.

Na mimi nina maswali mawili. La kwanza: mlango wangu una rangi gani? Nauliza kwa sababu mtu aliyechora mstari juu ya nyumba ya mwenzake, angalau mlango ataukumbuka. La pili: una mke? Nina mpwa wangu hapa, mshonaji, msafi kupita kiasi, mcheshi. Anayeandika "hakupikiwa" kwenye barua ya serikali hawezi kuwa mtu mbaya.

Mama Tanuri


Ofisi ya Mkoa
25 Februari

Mama, shikamoo.

Tanuri linaweza kuhama, iwapo matofali yatang'olewa moja moja na kila moja likapewa namba. Nitumie upana wake, kina chake na kimo cha kuba lake. Kiwanja 40 kinatosha. Ila usiende kukiangalia kwanza, barabara ya huko bado inachongwa.

Kuhusu mpwa wako, nashukuru kwa kunifikiria. Sijaoa, wala sitarajii kuoa kamwe.

Kuhusu mlango, nitakujibu siku nyingine.

Mpimaji


Mtaa wa chini
24 Machi

Bwana Mpimaji,

Nilikudanganya. Zile kuni hazikuwa mbichi. Sakafu ya tanuri imekuwa ikinyonya maji kutoka chini tangu mwaka jana, nami nikawa najifanya sioni, kama mtu anayeumwa jino akatafunia upande wa pili.

Juzi, saa tano asubuhi, mikate tisini ikiwa ndani, bahari iliingia. Haikubisha hodi. Ilipita mlangoni, ikaingia chini ya kaunta, ikafika kwenye moto. Ulisikika mlio mmoja mrefu kama wa nyoka, kisha jiko likajaa mvuke, sikuuona hata mkono wangu. Nilidhani wateja wamekimbia. Mvuke ulipopungua nikakuta wamepanga foleni vilevile, viatu mkononi, maji kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu mstaafu akasema, "Mama, iliyoiva tupe, ambayo haijaiva tutaimalizia nyumbani." Nilicheka mpaka nikalazimika kukaa.

Kesho yake nilipanda kilimani kukiona kiwanja changu. Barabara ilishakamilika zamani, Bwana Mpimaji. Na kwenye kona nimekuta bango la idara yenu: "Nyumba za kuishi tu. Marufuku karakana, kiwanda, tanuri."

Wewe uliniambia nilipime tanuri. Ulikuwa unajua?

Mama Tanuri


Ofisi ya Mkoa
2 Aprili

Mama, shikamoo.

Nilikuwa najua. Nilimwandikia Mkuu wa Idara mara tatu nikiomba tanuri liruhusiwe, na mara tatu amekataa. Kila nilipokuandikia nilijiambia nisubiri, nikupe habari njema kwa mara moja. Hilo ni kosa langu, naomba radhi.

Na kwa kuwa umenifungulia mlango wako, nami nifungue wangu. Sijui una rangi gani huo mlango. Sijawahi kukanyaga mtaani kwenu. Nilichora mstari kwa namba zilizosomwa kwenye nguzo ya vipimo, nikatuma watu na kopo la rangi.

Zamani sikuwa hivyo. Miaka minne iliyopita niliwapimia watu wa kijiji kimoja, nikaishi nao, nikala kwao. Niliwaambia maji yataingia Aprili. Dhoruba ikayasukuma, yakaingia Februari. Hakufa mtu, lakini nyumba kadhaa zilibomoka, shule ilipoteza vitabu vyote, na mzee mmoja alikutwa amekaa juu ya kabati tangu asubuhi. Kesho yake mama mmoja aliniuliza mbele ya watu wote, "Wewe hasa kazi yako ni nini?" Tangu siku ile napimia mezani.

La mwisho, kabla mpwa wako hajaanza kushona nguo za harusi. Niliposema sijaoa wala sitarajii kuoa, nilisema kweli tupu. Mimi ni mwanamke, Mama. Kwetu huwa tunaolewa.

Mpimaji


Mtaa wa chini
13 Aprili

Mwanangu,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mpwa wangu. Nilipofika mwisho alicheka mpaka sindano ikamdondoka, na hadi leo hatujaiona, tunatembea kwa tahadhari. Anakusalimu. Anasema bora umekuwa mwanamke, maana wanaume wanaoandika vizuri wana walakini.

Nilikukasirikia siku mbili nzima, sikufichi. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba nami nilikuficha maji yaliyokuwa chini ya miguu yangu. Ukuni mmoja hauwezi kumcheka mwenzake kwa kuungua.

Kuhusu yule mama wa kijijini: alikuwa amepoteza nyumba, na wewe ndiye uliyekuwa karibu. Bahari haina sikio la kugombezewa. Mimi nimeunguza mikate isiyo na idadi, na kila nilipounguza nilikula niliyoweza, nikakanda mingine.

Sasa tumsikie huyo Mkuu wako. Pamoja na barua hii kuna nyingine ya mtaa, ina sahihi sitini na tatu na dole gumba moja la mchuuzi wa mkaa, ambaye anajua kuandika ila anasema dole gumba lina uzito zaidi. Tunasema hivi: mtaa unaohama bila mkate utatawanyika. Watu watakubali kupanda kilima wakisikia harufu huko juu. Nimeweka na mikate sita. Nimeiandikia "ushahidi", mtu asije akaiita rushwa.

Mama Tanuri


Idara ya Ardhi na Vipimo vya Bahari
Ofisi ya Mkuu
12 Mei

Kwa Wakazi wa Mtaa wa Chini

YAH: OMBI LA TANURI, KIWANJA NAMBA 40

Idara imepokea barua yenu yenye sahihi sitini na tatu, pamoja na waraka wa nne wa Mpimaji wa Mkoa, ambao ulikuwa mrefu kupita kawaida. Ombi limekubaliwa, kwa masharti kwamba bomba la moshi lisipungue mita nne na tanuri liwe mita tano kutoka kwenye mpaka wa jirani.

Ushahidi umepokelewa na kuchunguzwa na idara nzima. Hakuna kilichobaki kwa ajili ya kumbukumbu.

Mkuu wa Idara


Mtaa wa chini
30 Juni

Mwanangu,

Tumelibomoa tanuri. Kaka yangu Mwashi, mtu asiyesema maneno zaidi ya matatu kwa siku, alikaa wiki nzima analing'oa tofali kwa tofali na kuandika namba kwa chaki. Matofali mia nane na kumi na mawili. Jumapili watu walijipanga mstari mmoja kutoka mlangoni kwangu mpaka kilimani, yakapita mkono kwa mkono. Mchuuzi wa mkaa aliimba njia nzima, vibaya, lakini alitusaidia kwenda sawa.

Mimi nilishika lile la mwisho. Lilikuwa bado lina joto, au mkono wangu ndio ulikuwa unalikumbuka.

Halafu ikatokea ya kutokea. Mpwa wangu alifika kiwanjani, akayakuta matofali yana masizi ya miaka thelathini na mitano. Nilishakuambia ni msafi kupita kiasi. Tulipotoka kula, tulimkuta ameyaosha yote kwa brashi na sabuni, ameyapanga juani, yanang'aa. Na namba zote zimekwenda na povu.

Kaka aliokota moja, akaligeuza pande zote. Akasema, "Masafi kweli." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya siku hiyo.

Anasema msingi na kuta atavijenga, lakini kuba ndilo roho ya tanuri. Likipinda kidogo, moshi unarudi ndani na mkate unaiva upande mmoja. Anahitaji mtu wa kupima. Na mtu wa kupima ninayemjua ni mmoja.

Mama Tanuri


Ofisi ya Mkoa
8 Julai

Mama, shikamoo. Mwambie mpwa wako asilie.

Nimechora kuba lote kwa vile vipimo ulivyonitumia, kila mstari wa matofali na mwinamo wake. Karatasi nne zipo humu. Mwashi afunge uzi kwenye msumari katikati ya sakafu, auzungushe kama nilivyoonyesha, atafika bila shida. Mimi ningekuja, ila kazi zimenizidi.

Mpimaji


Kilimani
18 Julai

Mwanangu,

Tulifuata karatasi zako kama sala. Kuba lilisimama siku moja na nusu, kisha likaanguka lote mchana kweupe, wakati kaka akiwa amekwenda kunywa maji. Hakuna aliyeumia.

Mchoro wako hauna kosa, kaka mwenyewe amekiri, na kwake hiyo ni hotuba. Kosa ni kwamba kiwanja kinainama. Kimeinama kidogo tu kuelekea baharini, jicho halioni, ila maji ukiyamwaga yanajua pa kwenda. Karatasi yako ilidhani ardhi ni meza.

Zimebaki wiki sita. Mitaani watu wanaulizana kama kweli wahame. Nusu wameshafungasha, nusu wanasema watahama siku watakayoona moshi kwangu. Kila asubuhi wanatoka nje wanatazama juu.

Sitakuomba mara ya tatu.

Mama Tanuri


Ofisi ya Mkoa
20 Julai

Mama,

Nimechukua likizo ya siku kumi. Basi linafika Jumamosi saa nane mchana. Mimi ndiye mwenye kofia ya kijani na mkoba wa vipimo. Nikikosa wa kunipokea, nitaelewa.

Mpimaji


Ofisi ya Mkoa
9 Agosti

Mama yangu, shikamoo.

Nimerudi kazini na bado nina udongo kwenye kucha. Watu wa masjala wamenusa koti langu, wamesema ninanukia kama asubuhi.

Kuna jambo sikulisema nilipokuwa kwako, kwa sababu kila nilipofungua kinywa mlikitia mkate. Siku ile nilipochungulia dirishani kwenye basi na kuona watu kama arobaini wamesimama kituoni, nilivuta kofia mpaka machoni. Nilijua wamekuja kunidai nyumba zao. Nilikaa kwenye kiti mpaka kondakta akaniambia, "Dada, hapa ndio mwisho." Niliposhuka nikasema, kabla hawajaniuliza, "Mimi ndiye niliyechora mstari." Halafu fundi saa akaninyang'anya mkoba akasema, "Tunajua. Umekula?"

Basi. Miaka minne nilikuwa naogopa swali, na swali lenyewe lilikuwa hilo.

Nafikiria pia siku tulipolisawazisha lile jukwaa la mawe chini ya tanuri na kuanza kuba upya. Nilikuwa nimelala chali ndani ya tanuri, nashika uzi, kaka yako yuko juu anaweka tofali, na tukaendelea hivyo kwa saa nne. Lile la mwisho lilipoingia, aliinamisha kichwa, akaniambia, "Limekaa." Nimepata vyeti viwili maishani mwangu, Mama, na sikuwahi kufurahi namna ile.

Moshi ulipotoka kwenye bomba, uliona watu walivyotoka mmoja mmoja kule chini? Yule mchuuzi wa mkaa alikuwa tayari ana godoro kichwani.

Maji makuu yatakuwa tarehe 20 Septemba, kati ya saa nne na saa sita mchana. Nimepima mara tano. Tafadhali asibaki mtu.

Mwambie mpwa wako gauni alilonishonea limenikaa vizuri, na ile sindano iliyopotea nimeipata. Ilikuwa humo.

Mpimaji wako


Kilimani, Namba 40
22 Septemba

Mwanangu,

Yalikuja saa tano kasoro robo, tarehe uliyosema. Nimekutangulizia hilo ili ulale vizuri, mengine yafuate.

Mtaa wote ulikuwa huku juu. Fundi saa ameweka meza yake chini ya ukuta wangu, mwalimu mstaafu ana dirisha linaloangalia bahari na analalamika kwamba linaangalia bahari. Tulisimama tukala mkate wa moto tukiyatazama. Hayakuwa na kelele. Yalipanda tu, yakaingia mtaa wa chini taratibu, nyumba baada ya nyumba, kama mtu anayekagua vyumba vya kupanga. Kwangu yalifika usawa wa dirisha. Mchuuzi wa mkaa alivua kofia. Kisha tukaona kitu kinatembea juu ya paa la fundi saa, kumbe ni paka wake, ambaye yeye aliapa amempandisha juu tangu juzi. Ilibidi kaka yangu ashuke na beseni la kukandia, aelee nalo kumfuata. Alirudi amekwaruzwa uso mzima. Akasema, "Mzima huyo." Tukacheka mpaka tukasahau tulichokuwa tunatazama.

Nami niliomba dua ya shukrani kwa ajili yako, na kwa ajili ya yule mama wa kijijini pia, popote alipo.

Alasiri maji yalipotoka, nilishuka peke yangu. Sikumwambia mtu. Nyumba ilikuwa bado imesimama, ila imejaa mchanga na majani ya bahari, na pale tanuri lilipokuwa, kaa mmoja alikuwa anachimba kwa bidii kana kwamba amepewa kiwanja. Nilikaa kwenye kizingiti. Nililia kidogo, si sana, kiasi cha mtu aliyeolewa humo na kufiwa humo.

Halafu nikaona ufagio wangu mkuukuu umekwama kwenye kona. Nikauchukua, nikaanza kufagia. Nilifagia chumba, nikafagia ukumbi, nikatoa mchanga wote mpaka nje ya mlango, nikapanga na mawe mawili matatu yaliyokaa vibaya. Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikajiuliza ninamfagilia nani. Nikamtazama kaa, kaa akanitazama. Nikacheka peke yangu mle ndani, sauti ikazunguka kuta zote nne.

Nikauegemeza ufagio ukutani, palepale atakapouona atakayeuhitaji, nikapanda.

Mama Tanuri